Dawa za Kifafa na Mabinti Zetu: Swali la Kuuliza Kabla ya Harusi



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unataka kuzungumzia vidonge ambavyo katika nyumba nyingi za Rungwe hufichwa juu ya kabati ili wageni wasivione. Ni dawa za kifafa, pamoja na ndugu zake, dawa za magonjwa ya akili. Juu ya dawa hizi husemwa maneno mawili yanayopingana. La kwanza ni hili: "Zinaingia ubongoni na kumgeuza mtu, afadhali aache." La pili husemwa dirishani kwenye kutolea dawa, au na wazee nyumbani: "Dawa ni dawa, meza ulichopewa, usiulize." Kwa maoni yangu maneno yote mawili yanawaumiza watu wetu, na wanaoumia zaidi ni wasichana.

Neno la kwanza lina chembe ya ukweli, na si vizuri kuwaficha watu ukweli kwa kuogopa kwamba watautumia vibaya. Baadhi ya dawa hizi hazitulizi tu ubongo kama maji yanavyozima moto. Zinagusa jinsi seli za mwili zinavyousoma urithi wake. Elimu inayoshughulikia jambo hili huitwa epijenetiki. Jina ni gumu, lakini jambo lenyewe linaeleweka.

Waliowahi kuingia ofisi ya parokia kutafuta cheti wanakijua Kitabu cha Ubatizo. Jina la mtoto, wazazi wake na msimamizi wake yakishaandikwa hayafutwi. Lakini pembeni mwa ukurasa huongezwa maneno mafupi: amepata kipaimara tarehe fulani, amefunga ndoa parokia fulani. Maandishi ya katikati yamebaki yaleyale, ila yale ya pembeni ndiyo yanayomwambia padre afanye nini na ukurasa ule leo. Urithi wetu uko hivyo. Kila seli ina kitabu kilekile, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Seli ya ini na seli ya ubongo hazitofautiani kwa kitabu, zinatofautiana kwa alama za pembeni zinazosema ukurasa huu usomwe na ule ufungwe.

Uzi wa vinasaba katika seli moja tu, ukinyooshwa, unakaribia urefu wa mita 2. Ili uenee mahali padogo namna ile, umezungushwa kwenye vifundo vya protini viitwavyo histoni, kama fundi cherehani anavyozungushia uzi kwenye kijiti. Uzi uliokazwa hausomeki, uliolegezwa husomeka. Kinacholegeza ni alama ndogo ya kikemikali iitwayo asetili. Mwili una vimeng'enya vya kubandika alama hiyo na vingine vya kuibandua, na kazi hii haikomi mchana wala usiku.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe. Iko dawa ya kifafa iitwayo valproeti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la dukani la Epilim. Historia yake inachekesha kidogo. Mmarekani Beverly Burton aliitengeneza mwaka 1882, na kwa miaka 80 ilikaa maabara kama maji ya kuyeyushia vitu vingine tu. Mwaka 1962 huko Grenoble, Ufaransa, Pierre Eymard na wenzake walikuwa wakipima dawa nyingine walizoziyeyusha ndani yake. Wakashangaa kuona kwamba kila walichokiyeyusha kinazuia degedege! Kumbe dawa ilikuwa kile kiyeyushio. Tangu hapo imewasaidia watu wengi mno duniani, wenye kifafa cha aina nyingi na hata wenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, ambao leo mtu hufurahi kupita kiasi na kesho hana hamu ya kuishi.

Lakini mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Ujerumani, yalionyesha jambo ambalo halikujulikana: valproeti huvizuia vile vimeng'enya vinavyobandua alama ya asetili. Alama zinabaki mahali ambapo zilipaswa kuondoka, uzi unalegea, na kurasa zilizotakiwa kufungwa zinaendelea kusomwa. Si kila dawa ya kifafa hufanya hivyo kwa nguvu namna hii. Watafiti wale wa Marekani walilinganisha valproeti na ndugu yake wa karibu aitwaye valpromidi. Ndugu huyu naye hutuliza degedege katika panya, lakini hakizuii kile kimeng'enya, na madhara yake kwa mimba za wanyama ni madogo zaidi. Kwa hiyo kutuliza kifafa ni kazi moja, na kugusa alama za urithi ni kazi nyingine, ingawa kidonge ni kimoja. (Asitokee mtu wa kuitafuta valpromidi. Mwilini mwa binadamu hugeuka kuwa valproeti ileile.)

Kwa mtu mzima jambo hili halitishi sana, kwa kuwa ubongo wake umeshajengwa. Mwaka 2013 ulitolewa hata utafiti mdogo uliosema kwamba wanaume wachache waliopewa valproeti kwa majuma mawili walijifunza kutambua sauti za muziki vizuri kuliko wale waliopewa vidonge vitupu. Wanakwaya wetu wasikimbilie duka la dawa; mazoezi ya Jumamosi bado ndiyo njia ya kupata sauti.

Kwa mtoto aliye tumboni mambo ni tofauti kabisa. Yeye ndiye anayejengwa. Kila siku kurasa zinafunguliwa na kufungwa kwa zamu: hapa utumike ukurasa wa moyo, pale wa uti wa mgongo, na ukishatumika ufungwe. Dawa inayozuia kufungwa kwa kurasa ikiingia wakati huo, ujenzi unakwenda kombo. Wataalamu wanaamini kwamba hii ni mojawapo ya njia ambazo valproeti humdhuru mtoto.

Na madhara yenyewe si ya kubahatisha, yamehesabiwa. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa na akina mama wasio na kifafa, 2 au 3 hivi huwa na kilema kikubwa cha kuzaliwa. Mama akitumia valproeti wakati wa mimba, idadi hufika 10 hivi. Baadhi yao ni wale wenye mgongo wazi, wengine wana kasoro za moyo au midomo iliyopasuka. Tena kuna madhara yasiyoonekana siku ya kuzaliwa: watoto 30 hadi 40 kati ya 100 huchelewa kusema, kutembea au kuelewa masomo. Utafiti uliofanyika Marekani na Uingereza, uliowafuata watoto hadi umri wa miaka 6 na kutolewa mwaka 2013, ulikuta kipimo cha akili cha watoto wa valproeti kikiwa wastani wa 97, na wale ambao mama zao walitumia dawa nyingine za kifafa kikiwa kati ya 105 na 108. Mwaka huohuo utafiti wa Denmark ulionyesha kwamba usonji nao huongezeka, kutoka mtoto 1 au 2 kati ya 100 hadi 4 hivi.

Ndugu msomaji, fikiri juu ya mama wa kijijini ambaye mtoto wake hasemi hadi anatimiza miaka mitatu. Huyo mama ataambiwa nini na majirani? Ataambiwa amerogwa, au ukoo wake una laana, au ametenda dhambi. Hakuna atakayesema: tuone kwanza ulikuwa unameza dawa gani.

Serikali za nje zimechukua hatua. Uingereza mwaka 2018 iliagiza kwamba mwanamke anayeweza kupata mimba asipewe valproeti isipokuwa yuko kwenye mpango maalumu wa kuzuia mimba, na mwaka 2024 ikakaza zaidi. Ufaransa wazazi wa watoto walioathirika waliungana mwaka 2011 na kufika mahakamani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa wasiandikiwe valproeti.

Haya yanatufikia vipi sisi tunaokaa kati ya Kiwira na Masoko? Yanatufikia kwa njia ya kalenda. Mfereji ambao baadaye utakuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika majuma 4 ya kwanza tangu mimba kutungwa. Wakati huo mama wengi hawajajua hata kwamba wana mimba. Na tunafahamu desturi yetu: mama huona haya, hungoja tumbo lionekane, mvua inanyesha na njia zina utelezi, basi kliniki ya kwanza huwa mwezi wa nne au wa tano. Hata muuguzi akiwa hodari namna gani, siku ile anapouliza "unatumia dawa gani?" mgongo wa mtoto ulishajifunga, au ulishashindwa kujifunga, miezi mitatu iliyopita. Ndiyo maana nasema kliniki ya wajawazito si mahali pa kuanzia swali hili. Mahali pake ni kabla ya harusi.

Sisi Wakatoliki tuna sababu moja zaidi. Agizo la Uingereza linamtaka mwanamke atumie njia za uzazi wa mpango ambazo Kanisa letu halizikubali. Binti mwaminifu anayewekwa kwenye valproeti bila kuambiwa lolote anaingizwa katika mtego: akifuata mafundisho, mtoto yuko hatarini, akifuata agizo, dhamiri inamsumbua. Na pengine hakuna hata mmoja aliyempa nafasi ya kuchagua dawa ambayo isingemfikisha hapo. Dawa hizo zipo. Lamotrijini na levetirasetamu ndizo ambazo hadi sasa zimeonekana salama zaidi kwa mimba. Idadi ya vilema inakaribia ile ya akina mama wengine. Ni kweli hazipatikani kirahisi vijijini na bei yake inauma. Kabamazepini, ambayo wengi wanaiita Tegretol, iko katikati, watoto 4 au 5 kati ya 100. Fenobabitoni, kidonge cha zamani cha zahanati zetu, ni 6 au 7. Hakuna iliyo safi kabisa, ila zinapishana, na mtu ana haki ya kujua zinapishana vipi.

Hapa namwogopa msomaji mmoja. Ni yule ambaye amefika aya hii na tayari ameinuka kwenda kutupa vidonge vya binti yake chooni. Ndugu yangu, tafadhali keti. Kuacha dawa ya kifafa ghafla, hasa fenobabitoni, kunaweza kuleta kifafa kinachofuatana bila mtu kuzinduka katikati, na hicho huua. Mama mjamzito akianguka na kukosa hewa, mtoto naye anakosa hewa. Na sisi watu wa milimani, wenye kuota moto kwa sababu ya baridi, tunajua kifafa kinaangushia watu wapi. Makovu ya moto kwenye mikono na nyuso za wagonjwa hawa hayakuletwa na dawa, yaliletwa na kukosa dawa.

Anayetaka ushahidi wa hapa nchini autazame Mahenge. Miaka ya 1960 mwanzoni daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikuta huko wagonjwa wengi wa kifafa waliotengwa kwa kuogopwa kwamba povu na mate yao yanaambukiza. Alianzisha kliniki, akawapa fenobabitoni, dawa iliyokuwa ikitumika kwa kifafa tangu mwaka 1912 na yenye bei ndogo. Watu waliokuwa hawathubutu kukaribia moto wala mto walirudi kulima na kukaa na wenzao. Baadaye uchunguzi wa vijiji 11 vya wilaya hiyo ya Ulanga, uliotolewa mwaka 1992, ulikuta watu 10 hivi wenye kifafa katika kila watu 1,000. Ni ugonjwa wa watu wengi, si wa ukoo fulani uliolaaniwa, wala hauambukizwi kwa mate.

Kwa kuwa nimeitaja Mahenge, niongeze neno moja lililo pembeni kidogo. Mahenge na Tukuyu zote zimo katika maeneo yanayojulikana nchini kwa usubi, ule ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi wa mitoni, na watafiti wameona kwamba usubi na kifafa hufuatana. Basi zile dawa za usubi zinazogawiwa vijijini zimezwe, hata na asiyewashwa. Na nyama ya nguruwe ipikwe hadi ndani, na vyoo vitumike, kwa kuwa tegu wa nguruwe naye akiingia ubongoni huleta kifafa. Kifafa kisichokuja hakihitaji dawa ya kubishania.

Nirudi kwenye dawa. Zile za magonjwa ya akili nazo zimechunguzwa kwa upande huu wa alama za urithi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliovunjwa moyo kwa kuonewa siku nyingi na panya wakubwa walikuwa na alama za kufunga ukurasa mmoja muhimu ubongoni, unaosaidia seli za ubongo kustawi. Walipopewa imipramini, dawa ya zamani ya sonona, kwa majuma kadhaa, alama za kufungua ziliongezeka. Lakini zile za kufunga hazikuondoka. Baadhi ya wataalamu wanaona hapa maelezo ya jambo ambalo kila muuguzi analijua: dawa ya sonona haifanyi kazi siku ya tatu. Inachukua majuma mawili hadi sita, na anayeiacha mapema anaweza kurudi alikotoka. Basi mgonjwa aliyepewa amitriptilini au fluoksetini asiseme "haikunisaidia" kabla ya mwezi kwisha. Na hapo mtu ataona kwamba maonevu yenyewe, kipigo na dharau vya nyumbani, huacha alama ubongoni, bila kidonge chochote. Wanaoogopa dawa kwa sababu inabadilisha ubongo wangeogopa na fimbo pia.

Akina baba nao wasidhani wamepona. Januari 2024 shirika la dawa la Umoja wa Ulaya lilitoa tahadhari kwa wanaume wanaotumia valproeti katika miezi 3 kabla ya mimba kutungwa: watoto 5 hivi kati ya 100 walikuwa na matatizo ya kukua kiakili, wakilinganishwa na 3 kwa baba wanaotumia lamotrijini au levetirasetamu. Utafiti mwingine wa Denmark uliotolewa mwaka huohuo haukuona tofauti hiyo. Kwa hiyo ni tahadhari, si hukumu. Lakini mwanamume anayetaka kuoa naye amwulize mganga wake, badala ya kungoja kumlaumu mke.

Ninachopendekeza si kikubwa. Katika mafundisho ya wachumba, padre au katekista aongeze sentensi moja, aiseme kwa wachumba wote pamoja bila kumnyoshea mtu kidole: kama mmoja wenu anatumia dawa ya kila siku, ya kifafa, ya akili au nyingine yoyote, mwende pamoja hospitali mkaulize juu ya uzazi kabla ya ndoa kutangazwa. Wachumba wasidaiwe majina ya magonjwa yao mbele za watu. WAWATA wanaweza kulichukua jambo hili kwa mabinti kwa upole kuliko sisi wengine. Na wazazi wasifiche. Najua kwa nini wanaficha: wanaogopa posa itarudi. Lakini mume atakuja kukiona kifafa usiku mmoja bila kuandaliwa, na wakati huo pengine mimba imeshaingia.

Waganga nao, kwa heshima yote, tunawaomba kitu. Binti wa miaka 12 anapoanzishiwa dawa, mzazi afikirie miaka kumi mbele, na mganga amsaidie kufikiri hivyo. Kama valproeti ndiyo pekee inayomtuliza, na wapo wagonjwa wa namna hiyo, aelezwe kwa maneno anayoyaelewa, na kadi yake iandikwe kwamba ameelezwa.

Dawa ikibidi kubadilishwa, hufanywa polepole, kwa majuma au miezi, mpya ikipanda huku ya zamani ikishuka, chini ya mganga. Foliki asidi ianzwe kabla ya mimba. Wenye kifafa mara nyingi huandikiwa kipimo kikubwa, miligramu 5 kwa siku. Husaidia, ingawa haifuti madhara ya valproeti. Aliye na mimba tayari na anatumia valproeti aende hospitali wiki hii hii akiwa anaendelea kumeza dawa yake, wala asiiache njiani. Kwa huku kwetu aanzie Makandana au Igogwe, nao wakiona haja watampeleka Hospitali ya Rufaa Mbeya. Achukue kadi zake zote, na paketi ya dawa hata kama ni tupu, kwa sababu rangi ya kidonge haimwambii mganga jina lake.